Mama Vifuko Anastaafu, na Ajenda ya Tatu Bado Haijaandikwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, fundi sanifu mwandamizi wa maabara yetu ya virusi, ambaye jengo zima linamjua kwa jina la Mama Vifuko, anastaafu rasmi Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu. Sherehe ya kumuaga itafanyika saa nane mchana katika ukumbi mdogo wa ghorofa ya kwanza, kwa kuwa ukumbi mkubwa una semina. Wote mnakaribishwa. Soda na keki vitakuwepo.

Ofisi ya utumishi imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu, kama walivyosema wenyewe, sisi wawili tunafahamiana sana. Ni kweli. Kwa miaka kumi na tisa meza yangu na meza yake zimetenganishwa na kioo kimoja, yeye upande wa kuifanya kazi, mimi upande wa kuiandika. Nimeelekezwa pia kwamba wasifu uwe mchangamfu. Nitajitahidi mpaka pale nitakaposhindwa.

Mama Vifuko hakuingia hapa akiwa fundi. Aliajiriwa kuosha vyombo, katika kile chumba cha chini kisicho na dirisha, chenye masinki mawili na mashine ya kuchemshia chupa iliyokuwa ikipiga kelele kuanzia asubuhi. Anasema katika mwaka wake wa kwanza alivunja chupa mbili tu, na kwa zote mbili anamkumbuka aliyemshtua. Waliokuwa naye wakati huo wanasimulia kwamba ukimpelekea chombo ambacho hukukisuuza, rangi imekaukia ndani, alikirudisha mezani kwako vilevile, na kitambaa safi juu yake. Watafiti wazima wenye shahada tatu walijifunza kusuuza vyombo vyao.

Cheti cha ufundi sanifu alikisomea jioni kwa miaka minne, huku akilea watoto watatu na mume aliyekuwa na maoni yake kuhusu chakula kuchelewa. Alipofaulu, mume alikitia cheti kwenye fremu, akakitundika sebuleni, na tangu siku hiyo huwaambia wageni kwamba wazo la kusoma lilikuwa lake. Mama Vifuko humwacha aseme. Ana vita vyake anavyovichagua.

Kisha vikaja vifuko. Miaka kumi na mbili iliyopita profesa wetu alirudi kutoka masomoni na chupa sita ndogo za seli zilizogandishwa. Wenzetu wa idara nyingine huuliza kila mara tunafuga nini ndani ya lile kabati la joto, basi maelezo ni haya. Mgonjwa anapofanyiwa upasuaji, akikubali, kipande kidogo cha utumbo wake au pafu lake huletwa kwetu. Tunachambua seli zenye uwezo wa kuzaa seli nyingine, tunazipanda ndani ya tone la jeli kwenye sahani ya plastiki, tunazilisha kimiminika cha rangi ya waridi. Baada ya wiki moja hivi zinajipanga zenyewe kuwa kifuko kidogo kuliko punje ya mchele, chenye ukuta pande zote na uwazi katikati, kinachofanya kazi kama utumbo wa mtu. Hapo ndipo tunapokiambukiza virusi na kutazama kinavyougua. Tunapata kumchunguza mgonjwa bila mtu yeyote kuumwa.

Kuyaandika hayo ni rahisi, kuvilea ndiyo kazi. Vifuko hulishwa kila baada ya siku mbili, iwe sikukuu isiwe sikukuu. Kimiminika kikianza kugeuka rangi ya chungwa vina njaa, kikiwa cha manjano umechelewa. Mama Vifuko alikuwa akisimama mlangoni, mkoba bado begani, anatazama kabati kupitia kioo chake na kutaja safu ya kuanza nayo. Tulinunua mashine ya kupima hali hiyo. Mashine iliharibika, yeye hakuharibika.

Katika daftari kila ukoo wa vifuko una namba. Yeye namba hizo aliziandika kwa sababu ni sheria, lakini mdomoni alikuwa na majina yake. Mkono wa Birika ulikuwa utumbo uliokula vizuri na kutoa kidogo. Shemeji alikuwa mpole, hana makuu, unaweza kumsahau nusu siku asilalamike. Mama Mkwe lilikuwa pafu la kuheshimiwa: ukifunga mlango wa kabati kwa kishindo, kesho yake limenuna. Majina hayo yalituingia wote. Mwaka mmoja mwanafunzi wetu aliweka jina la Mama Mkwe kwenye mchoro alioonyesha mbele ya wageni, na mgeni mmoja akauliza kwa upole kama mama mkwe huyo alitoa idhini kwa maandishi.

Asubuhi ya harusi ya binti yake mkubwa aliingia kazini amevaa nguo ya harusi, akatupia koti jeupe juu, akalisha safu zote nane, akavua koti, akaondoka. Mumewe alikuwa chini ndani ya gari, injini inanguruma. Baadaye alituambia kwamba yeye ana mke mmoja na wajukuu elfu mbili wa kwenye sahani. Tulicheka sana siku hiyo. Hakuna aliyejitolea kulisha badala yake.

Mwezi Januari miaka sita iliyopita, jeli iliisha. Mzigo mpya ulikuwa umekwama njiani, na agizo lilikuwa tuviache vifuko vife, tuanze upya jeli ikifika. Mama Vifuko hakuweza. Aliyeyusha jeli ya zamani kwa maji baridi ya dawa, akaviacha vifuko vikielea ndani ya kimiminika, kwenye sahani ambazo havikuweza kunata. Alitaka tu viendelee kuishi. Siku ya tatu aliniita nitazame kwenye hadubini. Ule ukuta wenye vinywele vya kunyonyea chakula, ambao katika utumbo hutazama ndani, ulikuwa umehamia nje. Ute uliokuwa ukikusanyika katikati ya kifuko sasa ulikuwa ukielea majini.

"Vimegeuka kama soksi," alisema.

Nilimwambia inapendeza, nikarudi mezani kwangu. Nilikuwa na taarifa ya kumaliza.

Taarifa yenyewe ilihusu ule mlipuko wa homa ya watoto ambao wengi mnaukumbuka. Kirusi kilikuwa kipya kwetu. Watoto walikohoa, walichemka, na baadhi waliharisha. Hospitali jirani ilituuliza swali moja tu: je, kirusi hiki kinazaliana pia kwenye utumbo? Kama ndiyo, wale wanaoharisha watengwe, vyoo na nepi vishughulikiwe kwa namna yake. Kama siyo, barakoa zinatosha na vitanda havina haja ya kuhamishwa. Tulimwaga virusi juu ya vifuko vya utumbo, vile vilivyo ndani ya jeli, tukasubiri siku tano. Hakuna kilichougua. Nikaandika kwamba hatujaona dalili ya kirusi hiki kuzaliana kwenye utumbo.

Kikao chetu cha Jumatatu mnakijua. Watafiti hukaa mezani, mafundi husimama ukutani kwa sababu viti havitoshi, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuomba viti viongezwe. Fundi huzungumza anapoulizwa kama kimiminika kipo cha kutosha. Jumatatu ya tarehe 9 Machi nilisoma taarifa yangu, ikiwa ajenda ya tatu. Nilipomaliza, Mama Vifuko alizungumza bila kuulizwa. Mimi nilikuwa katibu wa kikao, kalamu mkononi.

"Jamani, kifuko hiki mdomo wake uko ndani," alisema. "Nyinyi mnakimwagia virusi mgongoni. Kitaumwaje? Chukueni vile vilivyogeuka, mvimwagie hivyo, halafu ndiyo muandike."

Alikuwa amesema kila kitu. Mtoto anapomeza kirusi, kirusi hupita ndani ya utumbo na kuukuta upande ule wenye vinywele. Sisi tulikuwa tukikimwaga upande wa pili, mahali ambapo hakiingii, kisha tunashangaa hakijaingia. Maabara nyingine, tulikuja kugundua baadaye, zilikuwa zimeshaandika jambo hilohilo. Makala zao tulikuwa nazo. Yeye hakuzisoma, aliliona jambo lenyewe kwa macho yake kwa sababu hakutaka vifuko vyake vife.

Profesa alitabasamu na kumwambia, "Wewe mama lisha, kufikiri tuachie sisi." Meza ilicheka. Nami nilicheka, na sikumbuki kuwa nililazimishwa. Kisha tukaingia ajenda ya nne, maegesho ya magari, iliyochukua dakika ishirini na kujaza ukurasa mzima wa muhtasari. Kuhusu ajenda ya tatu niliandika mstari mmoja: taarifa ilisomwa na kupitishwa bila pingamizi. Jumatano taarifa ilipelekwa hospitali.

Katikati ya Aprili mjukuu wake wa miaka miwili, mtoto wa yule binti wa harusi, alivunjika mguu. Alilazwa wodi ya watoto ya hospitali hiyohiyo. Kwenye kitanda cha pili kutoka kwake kulikuwa na mtoto aliyeharisha, kwa kuwa kufuatana na taarifa yetu hapakuwa na sababu ya kumtenga. Ndani ya siku sita watoto tisa wa wodi hiyo walikuwa na homa, na mjukuu wake alikuwa mmoja wao. Saba walipona. Mjukuu wake alikuwa miongoni mwa saba hao. Wawili hawakupona, na majina yao sisi hatukuyajua wala hatukuyauliza.

Mama Vifuko aliomba ruhusa ya siku tatu. Siku ya pili aliingia saa moja asubuhi, akalisha, akaondoka bila kumsalimu mtu. Ilikuwa zamu ya kulisha, na hakuna mwingine aliyejua kuanza na safu ipi.

Daktari wa wodi alitupigia simu kwamba kinyesi cha watoto kimejaa virusi. Profesa akaagiza tujaribu vifuko vilivyogeuka. Hakusema wazo hilo amelitoa wapi. Vifuko hivyo alivitayarisha Mama Vifuko mwenyewe, siku aliyorudi kutoka ruhusa, akiwa hajalala vizuri kwa wiki nzima. Baada ya siku mbili vyote vilikuwa vimeambukizwa, hata Shemeji. Tarehe 27 Aprili tulipeleka hospitali barua ya kusahihisha. Kutoka siku aliyosema mpaka siku hiyo ni wiki saba kamili.

Ikaundwa kamati ya uchunguzi ya watu watatu. Iliuliza jambo moja: je, kabla taarifa haijatoka, kuna mtu yeyote aliyetoa shaka? Profesa alisema hakuna. Mama Vifuko alisema yupo, ni yeye, Jumatatu ile, mbele ya watu kumi na wanne. Mwenyekiti akauliza kama yako maandishi. Nilikabidhi muhtasari. Ulisema bila pingamizi. Mwenyekiti akanigeukia, akaniuliza kama ninakumbuka fundi kusema lolote.

Mkataba wangu ulikuwa unahuishwa mwezi uliofuata, na anayeuhuisha, profesa, alikuwa ameketi kushoto kwangu. Nilisema sikumbuki.

Mama Vifuko alinitazama. Sitaki kupamba: alinitazama kwa muda mfupi tu, halafu akatazama mikono yake. Wengine kumi na wawili waliokuwa kikaoni walijitia hamnazo. Kamati ikaandika kwamba hakuna onyo lililotolewa na kwamba kosa halikuweza kuonekana mapema. Wiki iliyofuata alipewa barua ya onyo kwa kutoa madai yasiyothibitika dhidi ya viongozi wake. Barua hiyo ipo kwenye jalada lake mpaka leo. Ile mbinu ya vifuko vilivyogeuka ilitoka kwenye makala yenye majina kumi na moja, langu likiwa la pili. Yeye yumo mwishoni, pale tulipowashukuru wahudumu wa maabara.

Hayo ndiyo mafanikio ninayotakiwa kuyaorodhesha. Naweza kuongeza kwamba kwa miaka sita baada ya hapo hakukosa zamu hata moja, kwamba amewafundisha mafundi wawili wanaoweza sasa kugeuza vifuko wakiwa wanapiga soga, na kwamba kwenye vikao vya Jumatatu hakufungua tena mdomo. Alipoulizwa kama kimiminika kipo, alitikisa kichwa kukubali. Profesa aliwahi kusema kwamba mama huyu siku hizi ametulia. Profesa sasa ni mkurugenzi wetu, na Ijumaa ndiye atakayetoa hotuba. Atasema ni mtu wa kipekee. Makofi yatapigwa.

Mwaka huu Mama Vifuko aliomba kitu kimoja tu kabla ya kuondoka. Hakutaka saa ya ukutani wala kikombe cha kioo. Alitaka barua ile itoke kwenye jalada lake, asiende nyumbani akiitwa mwongo kwa karatasi yenye mhuri. Ombi lake lilirudishwa kwa kukosa ushahidi mpya. Nilipolisikia hilo nilishindwa kukaa, maana ushahidi mpya ni mimi, na nimekuwa nikikaa nyuma ya kioo hatua nne kutoka kwake. Mwezi uliopita nilipeleka barua ofisi ya utumishi. Nilikiri kwamba alisema, kwamba nilisikia, kwamba sikuandika, na kwamba mbele ya kamati nilisema uongo. Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Shauri lilikwisha kufungwa, na jalada la mtumishi hufungwa kama lilivyo. Aya ya pili ya jibu hilohilo ndiyo iliyoniomba niandike wasifu huu, uwe mchangamfu, usizidi kurasa mbili.

Mhariri wa jarida letu amesoma, amesema atauchapa wote. Kwa hiyo natumia nafasi hii kufanya kazi niliyolipwa kuifanya Jumatatu ile. Muhtasari wa kikao cha tarehe 9 Machi, ajenda ya tatu, usomeke hivi: Taarifa ya utumbo ilisomwa. Fundi sanifu mwandamizi aliipinga. Alieleza kwamba vifuko vilivyotumika vina mdomo kwa ndani na kwamba virusi vilimwagwa upande usiopokea. Alishauri jaribio lirudiwe kwa vifuko vilivyogeuzwa kabla taarifa haijatoka. Kikao kilimcheka na kuipitisha taarifa. Katibu alisikia yote.

Kwa desturi ya jarida hili, mstaafu husoma wasifu wake kabla haujachapwa. Nilimpelekea Jumanne, saa ya kulisha. Alivua glavu, akavaa miwani, akasoma akiwa amesimama, kurasa zote, bila haraka. Pale kwenye harusi alitabasamu. Pale kwenye kamati hakubadilika uso.

"Weka," aliniambia. "Lakini usiniletee kama zawadi, mdogo wangu. Hii ungeileta siku ile."

Nilimuuliza kama kuna la kusahihisha. Alichukua kalamu yake ya kuandikia vifuniko. Nilikuwa nimeandika kwamba vifuko hulishwa kila baada ya siku tatu. Alifuta, akaandika mbili.

Kisha akafika mwisho. Nilikuwa nimeandika kwamba wafanyakazi wote tunamshukuru kwa miaka thelathini na mmoja ya mikono isiyotetemeka, kwamba tunamtakia afya njema, asubuhi zisizo na ratiba ya kulisha kitu chochote, na mjukuu mwenye mbio asiyekamatika. Hayo aliyaacha. Baada yake kulikuwa na sentensi moja zaidi, nilipoandika kwamba anaondoka akiwa ametusamehe. Aliipiga mstari mmoja, ulionyooka, akanirudishia karatasi, akavaa glavu nyingine, akaendelea na safu ya tano.